Ukiambiwa una vijiwe vya nyongo, uliza ukubwa wake

Nauza vitumbua Ngamiani, Tanga, mwaka wa 14 huu, na unga wa mchele naujua kwa chekeche: chenga kubwa zinabaki juu, ndogo zinapita. Lau ningelikumbuka hilo siku nilipoambiwa nina mawe kwenye mfuko wa nyongo, nisingerudi nyumbani nacheka. Aliyenisomea picha alisema, "Vidogo tu mama, visikutishe." Miezi minne baadaye nilikuwa hospitali ya Bombo nimejikunja, kongosho, kiungo cha nyuma ya tumbo kinachotoa maji ya kusagia chakula, limevimba.

Basi ukipewa karatasi ya altrasaundi, usiikunje tu ukaitia kwenye pochi. Tafuta namba yenye mm mbele yake. Jiwe kubwa mara nyingi hukaa mfukoni. Lina balaa zake, lakini kuingia kwenye mrija si rahisi. Lisilofika milimita 5 linapenya, linateremka mpaka pale mrija wa nyongo unapokutana na wa kongosho kuingia utumbo mdogo, na mlango wa hapo ni mwembamba. Likikwama, maji makali ya kusagia chakula yanashindwa kutoka, yanaanza kulila kongosho lenyewe. Uliza pia mawe ni mangapi, kama kuna tope la nyongo, yaani nyongo iliyokuwa nzito kama uji, na kama mrija mkuu umetanuka. Tope jina lake halitishi, lakini linafanya kazi ileile.

Wanaofikia huko ni wachache, kama 3 mpaka 7 kwa kila watu 100 wenye mawe. Wanawake ndio tunaoongoza kwa mawe, ila mwanamume akishakuwa nayo asijione amesalimika.

Mwambie daktari kama una mimba au umejifungua karibuni, kama maumivu haya yalishawahi kukupata, na kama unajinyima chakula. Mimi nilikuwa najikondesha kwa ajili ya harusi ya binti yangu, chai kavu na tango, kilo 9 zikaondoka kwa mwezi mmoja. Kupungua kwa kasi hivyo kunazaa mawe mapya. Nusu kilo mpaka kilo moja kwa wiki inatosha, gauni litashonwa upya.

Jirani atakuletea mafuta ya zeituni na ndimu "uyatoe". Usinywe. Mafuta yanaufanya mfuko ujibane, na ndani mna vijiwe vinavyotafuta njia. Yale madonge ya kijani yanayotoka chooni ni mafuta yenyewe yaliyogandia tumboni.

Maumivu yakianza chini ya chembe cha moyo, yakachoma mpaka mgongoni, hayaachii, na unatapika, usisubiri asubuhi. Macho yakiwa ya manjano au una homa, ndiyo kabisa. Mwambie dereva wa bajaji hospitali, si duka la dawa. Utapimwa damu, kipimo kinaitwa lipesi. Kikizidi mara tatu ya kawaida, pamoja na maumivu hayo, ni kongosho. Watauliza kama unakunywa pombe. Niliulizwa nikiwa na baibui langu. Jibu tu, pombe nayo ni sababu kubwa.

Ukipata nafuu, kabla hujaruhusiwa uliza mfuko utatolewa lini. Kama ugonjwa haukuwa mkali, mara nyingi hufaa utolewe hukohuko wodini, maana ukiondoka nao mawe yanaweza kukurudisha ndani ya wiki chache. Wakikuambia "tutakuita", omba tarehe iandikwe kwenye kadi.