Fyeka Kabla Kaskazi Haijakausha Shamba

Mvua za vuli zikikatika, mashamba ya Mwakirunge, Utange, Jomvu na Mtongwe hapa Mombasa hubaki na majani yanayofika kiunoni. Wengi wetu huyaacha hadi Februari au Machi, kisha tukayatia moto ili shamba liwe tayari kwa masika. Huo ndio wakati mbaya kuliko wote. Kaskazi, upepo mkavu wa msimu huo, imeshavuma wiki nyingi, majani yamekauka hadi shinani, na alasiri upepo wa baharini huzidi nguvu. Moto ulionuiwa robo eka hauulizi mpaka wa jirani uko wapi.

Fyeka Desemba, au mwanzoni mwa Januari, majani yakiwa bado na ubichi. Panga hupita vizuri, na cheche ikiruka haishiki upesi.

Anzia nyumbani, kwa sababu nyumba nyingi za pwani hushikwa na moto kutoka juu. Cheche hubebwa na upepo mbele ya moto wenyewe, zikaangukia makuti makuukuu ya paa, na hapo hakuna tena la kuokoa. Mita 2 kutoka ukutani pasiwe na kuni, makumbi ya nazi, makuti ya akiba wala majani makavu. Kuni zipange mbali zaidi, mita 10 ikiwa kiwanja kinaruhusu. Ndani ya hizo mita 10, majani yakatwe mafupi na yaliyoanguka yakusanywe kwa reki. Njia ya kuingilia nayo isizibwe na ua, gari la zimamoto lipate kupita.

Mkorosho unahitaji jicho la pekee. Matawi yake hushuka hadi chini, na chini yake pana tandiko nene la majani makavu, kwa hiyo moto mdogo wa ardhini hupanda hadi kileleni. Kata matawi ya chini hadi urefu wa mita 2 hivi, na mwembe uufanyie vivyo hivyo. Hata kuokota korosho kutakuwa rahisi. Kwa minazi, mkwezi akipanda kuangua, mwongeze kitu ashushe pia makuti makavu na makarara, yale maganda makavu ya maua ya mnazi. Kazi yake ni ya hatari na anastahili malipo hayo.

Lakini usikwangue ardhi yote ikabaki uchi. Kwenye miteremko ya hori ya Tudor, udongo ulioachwa wazi huchukuliwa na masika hadi kwenye mikoko. Acha visiki vya majani vya sentimita 10, mizizi iendelee kushika. Mahali pa kulima hadi udongo uonekane ni mpakani tu: mkanda wa mita 3 wa kuzuia moto, wewe na jirani mkigawana upana wake. Zungumzeni mapema, maana mkanda wa mtu mmoja hauna faida ng'ambo ikiwa kichaka. Ndani yake panda viazi vitamu, ambavyo majani yake mabichi hayawaki kirahisi.

Ulichokifyeka usikichome. Majani mabichi wape mbuzi na ng'ombe. Makuti mazuri yasukwe, mengine katakata utandaze kuzunguka minazi iliyo mbali na nyumba, bila kugusa shina. Makumbi yafukie mitaroni kati ya minazi. Hunyonya maji ya mvua kama sifongo na kuyatoa polepole kiangazi. Magogo ya minazi yaliyooza yaondoe, maana chonga, mdudu anayetoboa minazi, huzalia humo.

Ikiwa ni lazima uchome, kama mabaki yenye ugonjwa, waambie majirani kwanza. Choma asubuhi kukiwa shwari, rundo dogo ndani ya shimo lililofyekwa pande zote, maji na watu wakiwa karibu. Moto ukizimika, mwagia maji, chakura jivu, mwagia tena. Kisiki na mizizi ya mnazi huweza kufuka chini kwa chini hadi siku ya pili, kwa hiyo rudi kesho yake alfajiri upakague kabla upepo haujaamka.