Namna ya Kujenga Ushirikiano wa Utafiti wa Kisayansi kati ya Kanda Zilizo Mbali

Miradi mingi ya utafiti inayounganisha taasisi za mabara mawili huanza na barua pepe inayomwomba mtu asiyefahamiana na mwandikaji atie saini andiko la mradi ambalo siku ya mwisho ya kuliwasilisha ni wiki ijayo. Swali limekwishatungwa, bajeti imekwishagawanywa, na kinachotafutwa ni jina la mshirika wa mbali kwa kuwa mfadhili amelitaka. Hata ruzuku ikipatikana, mradi wa namna hiyo huwa na upande mmoja unaofikiri na mwingine unaokusanya sampuli. Maelezo yanayofuata yamekusudiwa mtafiti au mratibu anayetaka kufuata mpangilio mwingine, ambamo swali, kazi, data na majina ya waandishi hujadiliwa kabla ya fedha kuingia.

Kwanza jiulize kama swali lako linahitaji umbali. Yako maswali yasiyojibika mahali pamoja. Mwezi Aprili 2017 darubini 8 za redio, zilizoko katika sehemu 6 za dunia kuanzia Hispania na Hawaii hadi Chile na Ncha ya Kusini, ziliratibiwa kutazama anga katika siku zilezile, kwa sababu uwezo wa mtandao wa darubini wa kupambanua kitu kidogo hutegemea umbali uliopo kati ya darubini moja na nyingine. Picha ya shimo jeusi la galaksi ya M87 iliyotokana na kazi hiyo ilitangazwa tarehe 10 Aprili 2019. Miaka 60 hivi kabla ya hapo, katika Mwaka wa Kimataifa wa Jiofizikia uliodumu kuanzia Julai 1957 hadi Desemba 1958, nchi 67 zilipima dunia na anga yake katika kipindi kimoja, jambo ambalo hakuna nchi ingeliweza peke yake. Yako pia maswali yanayodai chombo kilicho ghali kupita uwezo wa taifa moja, na ndiyo maana CERN, maabara ya Ulaya ya fizikia ya chembe, ilianzishwa mwaka 1954 na nchi 12. Kama swali lako halimo katika mafungu hayo, wala halihusu ugonjwa, zao au hali ya hewa inayobadilika kutoka kanda hadi kanda, lifanyie kazi hapohapo ulipo. Umbali ni gharama, na mshirika aliyeingizwa kwa ajili ya pambo hugundua mapema kwamba yeye ni pambo.

Katika kumtafuta mshirika, soma makala zilizotoka katika eneo unalolihitaji na uangalie ni nani aliyezikusanya data zake, kwa kuwa mara nyingi jina lake limo katikati ya orodha ya waandishi au katika aya ya shukrani, wala si mwanzoni. Mwandikie barua fupi. Taja kazi yake uliyoisoma na jambo ambalo hukulielewa au hukubaliani nalo. Eleza swali lako kwa sentensi mbili. Sema wazi ulicho nacho na ulichokosa. Kisha omba mazungumzo ya nusu saa. Usiambatishe andiko lililokamilika, kwa maana andiko lililokamilika humwambia msomaji kwamba nafasi yake ni ya kukubali au kukataa tu.

Mazungumzo yakienda vizuri, msikimbilie ruzuku. Fanyeni kwanza kazi ndogo ya miezi mitatu isiyohitaji fedha nyingi, kwa mfano kila upande uchambue jedwali lilelile la data bila kuona majibu ya mwenzake, au maabara mbili zipime sampuli zilezile kisha zilinganishe. Watafiti wa picha ya M87 walifanya jambo la jinsi hii kwa kiwango kikubwa: waligawanyika katika timu nne zilizotengeneza picha kila moja kivyake, bila kuwasiliana, ndipo wakakutana kulinganisha. Katika kazi ndogo ndipo kasoro hujitokeza zikiwa bado hazijawa na madhara. Safu ya tarehe yenye maandishi 03/04 husomwa Machi 4 na mmoja, Aprili 3 na mwingine, na programu ya majedwali haitoi onyo lolote. Uzito ulioandikwa bila kipimo, desimali iliyotenganishwa kwa mkato badala ya nukta, sifuri iliyomaanisha "hakikupimwa": yote haya nimeyakuta katika mafaili ya watu makini kabisa. Asiyeyaona kuwa mazito na akumbuke chombo cha anga cha Mars Climate Orbiter, kilichopotea Septemba 1999 kwa sababu programu moja ilitoa namba kwa vipimo vya Kiingereza na nyingine ikazipokea kana kwamba ni za mfumo wa metriki. Kubalianeni tangu siku ya kwanza kwamba tarehe zitaandikwa mwaka-mwezi-siku, saa zitaandikwa kwa UTC, yaani saa moja ya pamoja ya dunia nzima, na kila safu ya jedwali itakuwa na maelezo yake katika faili la pembeni.

Baada ya hapo andikeni makubaliano, na hapa ndipo muda mwingi unapaswa kutumika. Hati zinazotiwa saini na wakuu wa vyuo mbele ya kamera zina kazi yake, lakini sijawahi kuona iliyoeleza ni nani atakayelipia barafu kavu, ile kaboni dioksidi iliyogandishwa inayotunza baridi ya sampuli safarini. Ninachokipendekeza ni waraka wa kurasa mbili au tatu, ulioandikwa na watafiti wenyewe kwa lugha ya kawaida kabla ya wanasheria kuugusa, unaojibu masuala manne: sampuli, data, majina na namna ya kuachana.

Kuhusu sampuli, Itifaki ya Nagoya, mkataba wa kimataifa uliopitishwa mwaka 2010 na kuanza kutumika Oktoba 2014, inataka rasilimali za kijenetiki, yaani mimea, wanyama na vijidudu vyenye vinasaba, zichukuliwe kwa ridhaa ya nchi yenye mali na faida zigawanywe kwa masharti yaliyokubaliwa. Mtafiti anayeichukulia kama urasimu tu aikumbuke Indonesia, ambayo mwaka 2007 ilitangaza kuacha kupeleka sampuli za virusi vya mafua ya ndege kwenye mtandao wa maabara wa Shirika la Afya Duniani, ikilalamika kwamba virusi vyake vilikuwa vinageuzwa chanjo ambazo yenyewe isingeweza kuzinunua. Ilichukua hadi Mei 2011 kwa nchi wanachama kupitisha utaratibu wa kushirikiana virusi hivyo pamoja na faida zake. Katika waraka wenu, basi, andikeni sampuli zitahifadhiwa wapi, zitatumika kwa swali gani, na nani ataombwa ruhusa likizuka swali jipya.

Kuhusu data, wanasayansi wa jenomu ya binadamu, yaani jumla ya vinasaba vyake, walikubaliana huko Bermuda mwaka 1996 kwamba mfuatano wa DNA walioupata uwekwe hadharani, ikiwezekana ndani ya saa 24. Kanuni hiyo iliwafaa kwa kuwa maabara zile zilikuwa na mashine na wachambuzi wa kukaribiana nguvu. Timu iliyotumia miaka mitatu kukusanya data na yenye mchambuzi mmoja tu ikifungua kila kitu siku ileile, makala itaandikwa na mwenye kompyuta kubwa zaidi. Uwazi ni jambo jema na ninauunga mkono, lakini waraka unaweza kuweka kipindi maalumu, tuseme miezi 12, ambacho waliokusanya ndio wenye haki ya kuanza kuandika.

Majina huvunja urafiki kuliko fedha. Masharti ya Kamati ya Kimataifa ya Wahariri wa Majarida ya Tiba yanataka mwandishi awe amechangia kwa kiasi kikubwa katika ubunifu wa kazi au katika data zake, ashiriki kuandika au kuihariri makala kwa kina, aidhinishe toleo la mwisho na akubali kuwajibika. Angalieni mtego uliopo: mtu aliyekusanya data zote lakini hakutumiwa rasimu hulikosa sharti la pili, kisha akaambiwa kwamba kanuni ndizo zilizomwondoa. Kamati yenyewe inasema masharti hayo yasitumike kumnyima mtu nafasi ya kuyatimiza. Kwa hiyo andikeni kwamba rasimu ya kwanza itatumwa kwa wote, kwa muda wa kutosha kusomwa, na kwamba majukumu yatatajwa kwa orodha ya CRediT, mfumo wa kutaja mchango wa kila mwandishi, yenye majukumu 14. Tajeni pia mapema makala ipi itaongozwa na upande upi, na tasnifu ya mwanafunzi yupi inategemea data zipi.

Bajeti ina mambo matatu yanayosahauliwa. Mishahara ya waratibu huwekwa upande mmoja tu, ingawa barua, risiti na ripoti hushughulikiwa pande zote mbili. Wafadhili wengine hurejesha fedha baada ya matumizi, na taasisi ndogo haina akiba ya kutanguliza, hivyo ombeni malipo ya awali yaandikwe kwenye mkataba. Na vibali vya maadili vya pande mbili aghalabu hufuatana, kwa kuwa kamati ya pili hutaka kuiona barua ya kamati ya kwanza. Ratiba isiyowaachia miezi kadhaa hapo itawafanya mkusanye data katika msimu usio wake.

Vitu pia husafiri polepole kuliko watu wanavyodhani. Data za darubini nilizozitaja zilikuwa nyingi mno kupita katika intaneti, zikabebwa kwa ndege ndani ya diski hadi vituo vya kuchakata vya Massachusetts na Bonn, na diski za Ncha ya Kusini zilisubiri majira ya baridi yaishe ndipo ndege ziweze kuruka, zikafika Desemba, miezi 8 baada ya uchunguzi. Sampuli zilizogandishwa hazina subira hiyo. Barafu kavu hupungua kila saa hata boksi likiwa limefungwa, na boksi lililotumwa Alhamisi linaweza kukaa forodhani mwisho wote wa wiki. Tuma Jumatatu, weka barafu ya ziada, bandika alama ya UN3373, inayoonyesha sampuli za kibiolojia zinazoweza kuwa na vijidudu vya ugonjwa, panapohusika, tuma nakala za vibali kwa mpokeaji kabla boksi halijaondoka, na ubaki na nusu ya kila sampuli.

Mikutano iwe michache na saa yake izungushwe, ili asiwe mtu yuleyule anayeamka usiku wa manane kila mwezi. Maamuzi yaandikwe na kutumwa siku hiyohiyo, kwa kuwa yule ambaye mtandao wake ulikatika katikati ya mazungumzo anastahili kupinga akiwa bado na nafasi. Safari za wanafunzi ziende pande zote mbili: mwanafunzi kutoka maabara yenye mashine kubwa akikaa wiki sita mahali data zinapokusanywa, maswali anayoyauliza kuhusu jedwali hubadilika kabisa. Na mashine ikinunuliwa kwa mradi, inunuliwe pamoja na vipuri na mafunzo ya fundi atakayebaki nayo.

Suala la nne, namna ya kuachana, huonewa haya kama wasia. Andikeni hata hivyo: mmoja akihamia taasisi nyingine, swali linakwenda na nani; ruzuku ikikatwa, mwanafunzi atamalizia kwa fedha ipi; mradi ukiisha, umeme wa friji yenye sampuli utalipwa na upande upi, na barua za wanaoomba data zitajibiwa na nani.