Unataka kuandika matukio na waliozaliwa mwaka fulani wa zamani? Twende na 1707

Wale mnaopenda kuposti "mwaka fulani yalitokea haya, alizaliwa fulani", wengi mnakopi orodha mnabandika kama ilivyo, halafu tarehe zinagongana hovyo hovyo. Natumia 1707 kuonyesha namna ya kufanya kwa sababu huo mwaka umejaa mambo na karibu kila mtego umo.

Kabla hujaandika hata jina moja shughulika na kalenda kwanza. Mwaka 1707 dunia haikuwa na tarehe moja. Ufaransa, Hispania na wengine walishahamia kalenda ya Gregori, ambayo ndo hii yetu ya sasa, ila Uingereza na Urusi walikuwa bado na ile ya zamani ya Juliasi na ilikuwa nyuma kwa siku 11. Waswidi ndo walikuwa vituko kabisa, walianza kuhama mwaka 1700 wakaishia njiani, wakabaki na kalenda yao peke yao, siku moja mbele ya Juliasi na siku 10 nyuma ya Gregori, hawafanani na mtu yeyote Ulaya nzima, mpaka 1712 wakaamua kurudi walikotoka na ili hesabu ikae sawa ikabidi mwaka huo wawe na tarehe 30 Februari. Siyo utani.

Sasa uone kwa nini inasumbua. Kwenye orodha nyingi utakuta tarehe 22 Oktoba 1707 meli nne za kivita za Uingereza zilizama kwenye miamba ya visiwa vya Scilly, admirali Cloudesley Shovell akafa na watu zaidi ya elfu moja, halafu chini yake 28 Oktoba tetemeko kubwa la Hōei huko Japani. Ukisoma hivyo unasema meli zilitangulia. Hapana bwana! Ile 22 ya Waingereza ni kalenda ya zamani, ongeza 11 unapata 2 Novemba, kwa hiyo Japani ilishatikisika siku tano kabla. Kwa hiyo chagua kalenda moja, badilisha kila kitu kiingie humo, na ile tarehe ya asili iweke kwenye mabano ili anayejua asije akakurukia kwenye komenti.

Mtego wa pili ni mwaka wenyewe. England zamani mwaka mpya wa kisheria ulianza 25 Machi, wakati Scotland walishahamia 1 Januari tangu mwaka 1600. Ndo maana ukitafuta sheria za kuziunganisha hizo nchi mbili unakuta ya Scotland imeandikwa 1707 na ya England 1706, wakati ile ya England ilisainiwa Machi, kabla ya tarehe 25, baada ya ile ya Scotland ya Januari. Muungano wenyewe ulianza 1 Mei 1707 na hapo hakuna ubishi, tarehe tu ni ya kalenda ya zamani.

Ukimaliza hilo, ingia kwenye vizazi, na hapa usijaze majina arobaini ambayo hakuna anayeyajua, chukua wachache ueleze walifanya nini. 1707 ina wawili wazito. Leonhard Euler, alizaliwa Basel, Uswisi, tarehe 15 Aprili, huyu mwanafunzi yeyote wa hesabu kashakutana naye bila kujua, ile f(x) ubaoni ni yeye, na alama ya π yeye ndo aliyeieneza mpaka ikazoeleka. Uzeeni alikuwa karibu kipofu kabisa na bado kazi zilikuwa zinatoka tu. Mwingine Carl Linnaeus wa Uswidi, 23 Mei kwa kalenda yetu, kwao ilisomeka 13 Mei. Huyu ndo aliyesambaza mtindo wa kuita kila kiumbe kwa majina mawili ya Kilatini, mnazi ukaitwa Cocos nucifera, mwembe Mangifera indica, na sisi wenyewe Homo sapiens. Henry Fielding mwandishi naye ni wa mwaka huo, mstari mmoja unamtosha.

Kisha vifo. Wengi mnavisahau wakati mara nyingi ndo vinabeba habari kubwa ya mwaka. Aurangzeb mtawala wa Wamughali India alifariki 3 Machi 1707 akiwa na miaka 88, katawala tangu 1658, na kabla mwaka haujaisha wanawe walishapigana vitani kugombea kiti. Kwa Hijria hapo ni 1118, halafu Aprili inaingia 1119, kwa hiyo ukitumia vyanzo vya Kiislamu angalia yote miwili.

Jambo la mwisho, unganisha vitu vinavyoungana, usiviache vimekaa kila kimoja kivyake. Lile tetemeko la Japani, siku 49 baadaye, 16 Desemba, mlima Fuji ukalipuka na majivu yakafika Edo, Tokyo ya leo, na haujalipuka tena mpaka leo. Na zile meli za Scilly ni kati ya mambo yaliyowasukuma Waingereza mwaka 1714 kutangaza zawadi ya hadi pauni 20,000 kwa atakayepata njia ya kujua longitudo baharini, yaani meli iko umbali gani mashariki au magharibi.

Kama unataka kuweka na pwani yetu, usilazimishe tukio. Fort Jesus iliangukia mikononi mwa Waomani Desemba 1698, kwa hiyo andika tu kwamba 1707 Mombasa ilikuwa chini ya Oman, basi, endelea na mengine.