Kuchora ukutani na watoto wasioelewana lugha

Katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, kaunti ya Turkana nchini Kenya, kikundi kimoja cha watoto huweza kuwa na Mdinka, Msomali, Moromo, Mrundi na Mturkana wa kijiji cha jirani. Kiswahili cha baadhi yao ni cha sokoni, na wengine hawana kabisa. Mwongozo huu ni wa mwalimu au msanii anayetaka kupaka ukuta mmoja na watoto 12 wa miaka 8 hadi 12, kwa asubuhi tatu. Wakizidi 16, gawa makundi mawili, maana anayesubiri zamu bila kuelewa anasubiri nini huondoka.

Kwanza ukuta. Pata kibali cha maandishi cha mwenye jengo na cha ofisi ya kambi, kisha uzungumze na wazazi kupitia wakalimani. Hapo ndipo wakalimani wanahitajika kweli, kuliko kwenye uchoraji wenyewe. Waulize wazazi kama wana pingamizi na picha za watu au wanyama. Baadhi ya Waislamu hawazipendi, na ni afadhali kulijua hilo kabla ya kopo kufunguliwa.

Tafuta ukuta wa plasta wenye kivuli asubuhi, urefu wa mita 5, na upake kuanzia chini hadi mita 2 tu ili watoto wasipande ngazi. Plasta mpya isubiri siku 28 hivi, la sivyo rangi itatoka malengelenge na madoa meupe. Ukuta wa chokaa usugue kwa kiganja: kiganja kikitoka na unga, piga brashi ngumu, ufute kwa maji, kisha upake gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji, gundi 1 kwa maji 4. Ukiruka hatua hii, rangi itabanduka pamoja na chokaa. Mabati yaache, rangi ya maji haishiki vizuri juu yake.

Kwa mita 10 za mraba, galoni moja ya lita 4 ya rangi nyeupe ya maji inatosha kupaka msingi mara mbili. Watu wazima waipake siku moja kabla. Ongeza lita moja moja ya njano, nyekundu, bluu na nyeusi. Usitumie rangi ya mafuta: huhitaji tapentaini, na rangi hizo, hasa za njano na nyekundu, zimewahi kukutwa na madini ya risasi. Rangi ya kopo la kupuliza nayo si ya mtoto. Mvuke wake huumiza mapafu, na kopo likiachwa juani Kakuma, ambako joto la mchana hupita nyuzi 35 mara kwa mara, linaweza kupasuka.

Siku ya kwanza usihutubie. Chukua chaki, chora alama yako ukutani, jigonge kifua, kisha umkabidhi mtoto chaki. Sanaa hii ya mitaani ilianza hivyohivyo: vijana wa Philadelphia na New York, miaka ya 1960 na 1970, waliandika majina yao tu. Mmoja wao, aliyejiita TAKI 183, alitiwa gazetini mwaka 1971. Lakini kambini usiruhusu jina kamili. Familia nyingine zinasakwa na maadui. Kila mtoto atumie herufi moja na umbo moja, kwa mwandiko anaoujua: Kilatini, Kiarabu au Kiamhariki. Maneno mengine yasiingie ukutani. Sentensi moja ya lugha moja huufanya ukuta kuwa wa kundi moja, na bendera hufanya vivyo hivyo.

Ishara zako ziwe nne na zisibadilike: mikono juu ni simama, makofi mawili ni badilishaneni, kiganja chini ni polepole, kidole machoni ni tazama. Usimwite mtoto kwa kukunja kidole kimoja. Kwa Wasomali wengi hiyo ni dharau. Na yule mtoto anayejua lugha tatu usimgeuze mkalimani. Atakuwa bosi, wenzake wataacha kukutazama mikono, na yeye mwenyewe hatapaka chochote.

Siku ya pili ni ya stensili, yaani umbo lililokatwa kwenye kipande kigumu ili rangi igongwe kupitia tundu lake, na ndiyo kiini cha kazi, kwa sababu mtu mmoja haiwezi vizuri. Panga wawili wawili wa lugha tofauti: mmoja ashike, mwingine agonge rangi. Filamu kuukuu za eksirei zinafaa kuliko kadibodi, kwani hazilowi. Kata kwanza kona yenye jina la mgonjwa. Mtoto achore umbo kwa kalamu ya wino mzito, mtu mzima akate kwa kisu cha karatasi. Umbo lenye shimo katikati, kama O, liachiwe vishikizo viwili vya upana wa sentimita 1, la sivyo kipande cha ndani kitaanguka.

Wakiachwa wachague, wengi huchora ng'ombe. Kwa mtoto wa Kidinka au wa Kiturkana mabaka ya ng'ombe si pambo, kila mpangilio una jina lake, kwa hiyo usimsahihishie rangi. Mtoto akichora bunduki, usimhoji mbele ya wenzake wala usiifute. Mjulishe mshauri wa watoto baadaye.

Gonga rangi hivi: kata sponji ya godoro vipande vya sentimita 5, chovya ncha tu, gonga kwenye kadibodi hadi isiache tone, ndipo ugonge ukutani wima. Ukiburuta, rangi hupenya chini ya filamu na ukingo kuchuruzika. Kosa jingine ni kuongeza maji kwenye rangi ili iishe polepole. Bandua filamu mara moja, ikiwa bado mbichi, na ufute mgongo wake kila baada ya chapa mbili.

Kuchanganya rangi waonyeshe kimya: vijiko vinne vya njano, kisha bluu nusu kijiko kwa nusu kijiko, mpaka mtoto mmoja aone kijani na kupaza sauti. Kahawia hupatikana kwa njano, nyekundu na bluu kidogo. Ukianza na bluu nyingi utamaliza kopo la njano ukitafuta kijani.

Siku ya tatu wazungushie michoro mstari mweusi wa unene wa vidole viwili, wakiunganisha umbo la mmoja na la jirani. Onyesha picha moja tu ya watu waliochorwa na Keith Haring, msanii wa kuta wa New York: hawana sura, lakini wanacheza waziwazi. Ukionyesha picha kumi, utapata nakala kumi.

Fanya kazi saa moja hadi saa nne asubuhi. Baadaye ukuta huwaka, rangi hukauka kwenye brashi, na upepo huleta vumbi. Brashi zioshwe kwenye ndoo mbili, ya kwanza ya uchafu na ya pili ya kusuuzia. Maji ya rangi yasimwagwe lagani, yaani kwenye mkondo wa mto wa msimu. Yaache yatulie usiku kucha, tumia yale ya juu kuoshea kesho, na tope likauke juani kabla ya kutupwa. Rangi iliyobaki ifunikwe vizuri na ihifadhiwe kivulini kwa marekebisho. Sehemu ya chini ya ukuta, kimo cha mbuzi, ndiyo huchubuka kwanza.