Kabla ya kuzima laini: mambo ya kuzingatia unapobadilisha vifaa vya zamani kwenye kituo cha kupoza umeme

Kama kituo chako ni cha zama za laini ya kilovoti 220 iliyoletwa Iringa na Mbeya kutoka Kidatu miaka ya 1980, usianze na katalogi ya vifaa vipya. Anza na tepu ya kupimia. Mchoro ulioko kabatini unaonyesha kituo kilivyokuwa siku ya kukabidhiwa. Tangu hapo mafundi wameongeza nyaya, wamehamisha rilei (vifaa vinavyogundua hitilafu na kuamuru umeme ukatwe), na mengi yameandikwa kwa penseli pembeni au hayakuandikwa popote. Fuata waya mmoja mmoja kutoka kwenye breka, yaani swichi kubwa ya kukata umeme, hadi chumba cha udhibiti na uuwekee lebo. Pima hata nafasi za boliti kwenye msingi wa zege. Niliwahi kuona kreni imeshaning'iniza breka mpya, miguu yake ikipishana na boliti za zamani kwa upana wa kiganja. Laini imezimwa, mji unasubiri, na fundi wa kuchomelea ndiyo kwanza anatafutwa mtaani.

Jambo la pili ni mwinuko, na hili watu wa nyanda za juu tunalisahau kwa sababu tumelizoea. Vifaa vya msongo mkubwa kwa kawaida husanifiwa kwa mahali pasipozidi mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Mbeya mjini ni kama mita 1,700, na Njombe inakaribia 2,000. Huku hewa ni nyepesi, na hewa nyepesi ni dhaifu kuzuia umeme usiruke. Kwa kanuni ya kawaida ya kusahihisha mwinuko, uwezo wa vikombe (vihami vinavyoshikilia sehemu zenye umeme) na nafasi za hewa unatakiwa uongezwe takriban asilimia 9 kwa Mbeya, na kama 13 kwa mita 2,000. Ndani ya breka ya gesi hapana shida, maana gesi imefungwa humo na shinikizo lake. Shida iko nje, kwenye vikombe. Kwa hiyo mwinuko wa mahali uandikwe kwenye hati ya zabuni, kwa tarakimu. Usipoandikwa, utaletewa kifaa kizuri kabisa cha Dar es Salaam.

Kukifikisha nako kuna hesabu zake. Transfoma kubwa husafiri bila mafuta, tumbo likiwa na hewa kavu au naitrojeni, na hata hivyo pamoja na trela lake huweza kuzidi tani 56, kikomo cha kawaida cha barabara za Afrika Mashariki. Kibali cha mzigo usio wa kawaida kiombwe mapema, na dereva awe mtu anayeujua mlima Kitonga. Fungeni kifaa cha kurekodi mitikisiko, na kisomwe mzigo ukiwa bado juu ya trela, kabla hujasaini kwamba umeupokea.

Tarehe ndiyo yenye maneno mengi. Kiangazi, kati ya Juni na Oktoba, ndicho kinachofaa kufungua transfoma, kwa kuwa unyevu ni adui wa karatasi za kuhami zilizo ndani yake. Hata hapo, asubuhi za ukungu Mufindi si za kufungua kifuniko. Lakini miezi hiyohiyo ndiyo ya kukoboa kahawa Mbozi na mpunga Mbarali. Ukisogeza mpaka masika umewagusa wenye viwanda vya chai Rungwe, maana majani hujaa na mvua. Tarehe isiyomuumiza mtu haipo. Kaa nao mapema, pamoja na hospitali na mamlaka ya maji, wajue ni saa ngapi na jenereta zijaribiwe. Na transfoma itakayobaki ikibeba mji peke yake ipimwe kwa mzigo wa saa moja hadi saa nne usiku. Anayepiga hesabu kwa mzigo wa saa nane mchana anajidanganya.

Mafuta ya zamani yapelekwe maabara kabla ya kuguswa. Baadhi ya vifaa vya zamani vina PCB, sumu ambayo Mkataba wa Stockholm ulitaka vifaa vyake viondolewe kazini ifikapo 2025. Pipa lisilale nje ya uzio hata usiku mmoja, kwani mafuta ya transfoma yana wateja mtaani. Gesi ya SF6, ile iliyomo ndani ya breka, nayo ivutwe kwa mashine na kurudishwa kwenye mitungi. Kilo moja ikiachiwa hewani hutega joto zaidi ya kilo 23,000 za kaboni dayoksaidi kwa miaka 100.

Siku yenyewe, kumbuka kwamba laini iliyozimwa haijafa. Jirani yake yenye umeme huipandikizia msongo wa kutosha kuua. Pima, funga arthi (waya wa kupeleka umeme ardhini) pande zote mbili za mahali pa kazi, piga kufuli, na kibali cha kazi kitaje kila aliyemo, akiwemo kibarua anayechimba mtaro. Kabla ya kuwasha, jaribuni rilei na mwelekeo wa transfoma za kupimia mkondo. Ukiwa kinyume, kinga itaangusha kituo kizima pasipo hitilafu yoyote.

Na breka mliyoitoa isikimbiziwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Kama laini nyingine ya kituo bado inatumia breka ya aina hiyo, mota, springi na koili zake ni spea ambazo huenda hakuna kiwanda kinachozitengeneza tena.