Gololi za mwanangu na mayai ya danio

Danio, wale samaki wadogo wenye mistari ya buluu, hutaga na kuyala mayai yao papo hapo. Mara ya kwanza sikuambulia hata kifaranga mmoja. Sasa natandaza gololi za mwanangu chini ya beseni ili mayai yapenye katikati, kisha maji ya kina cha sentimita 15, yaliyolala siku 2. Jioni naweka jike mwenye tumbo la duara na madume wawili. Hutaga alfajiri, mwanga ukiingia. Kufika saa 4 asubuhi wazazi nimeshawatoa. Kwa nyuzi 27 mayai huanguliwa baada ya siku 2 au 3. Vifaranga kwanza huning'inia kwenye kuta za beseni. Usiwalishe mpaka waogelee. Hapo ndipo kiini cha yai la kuchemsha, tone tu. Siku moja nilizidisha chakula, maji yakanuka, wakafa wote.