Matofali ya tanuri forodhani
Mnaoagiza matofali ya tanuri, msikubali ankara iandikwe "matofali" tu. Forodhani kila bidhaa ina namba yake ya HS, yaani ya kuainishia bidhaa: tofali la kuchoma la kujengea nyumba huingia 6904. Linalostahimili joto kali, la kama nyuzi 1,500 za Selsiasi na zaidi, ni 6902, na vigae vyake pia, si 6907 ya vigae vya sakafu. Kisha tazameni viambato kwa uzito: magnesia (oksidi ya magnesiamu), chokaa au kromu, hata kwa pamoja, zikizidi asilimia 50 ni 6902.10, alumina (oksidi ya alumini), silika (oksidi ya silikoni) au mchanganyiko wake ukizidi nusu ni 6902.20. Hapo ndipo penye mzozo, maana kwa macho huwezi kujua. Mdaini muuzaji karatasi ya vipimo vya maabara kabla mzigo haujapakiwa, mumpe wakala wenu wa forodha. Saruji ya kuunganishia matofali hayo ni 3816. Iwe na mstari wake kwenye ankara.